Ndani ya Ua wa Jeshi

Jumapili, 13 Julai 2025

Shemeji Okech kapiga simu tukiwa tunatoka kanisani. Zadok akajitenga mpaka kwenye ukuta wa vyoo, akaongea Kijaluo kwa sauti ya chini. Miaka thelathini na sita ya ndoa, na bado mume wangu anadhani nikiwa hatua kumi sisikii.

Nilisikia jina la mwanangu Favour. Mara tatu.

Njiani nikamuuliza. Akasema ni salamu tu. Salamu gani zinamtaja marehemu mara tatu? Tumetembea mpaka nyumbani Pasiansi hivyo hivyo – yeye mbele na Biblia, mimi nyuma na hasira zangu.

Wali umeungua. Nimempakulia hivyo hivyo.

Jumatano, 16 Julai 2025

Leo kasema. Nusu tu, najua ni nusu.

Posa ya Jasmin imevunjika. Jasmin ni binti wa Okech, ana miaka ishirini na saba, muuguzi wa zahanati kule kwetu Rorya. Hii ni posa ya pili kuvunjika. Upande wa mwanamume wamerudi nyuma bila kusema sababu. Basi wazee wamekaa, wakaitafuta sababu, wakaipata haraka. Wazee hawakosi sababu.

Sababu ni Favour wangu. Amekufa hajaolewa, kazikwa kwa watu, roho haijatulia, anawazibia njia wadogo zake. Chira, ndivyo wanavyouita mkosi wa namna hiyo. Kwa hiyo Jumanne ya tarehe 29 tunatakiwa Rorya. "Kwa maombi," anasema Zadok.

Nikamuuliza: maombi ya kumwombea Favour au ya kumfukuza?

Akachukua kofia akatoka.

Nimefua mapazia yote. Hayakuwa machafu.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Wamepiga simu kutoka kambi ya jeshi alikozikwa Favour. Siku ya Mashujaa, ndugu wa waliozikwa pale wanaalikwa. Askari aliyepiga ana adabu. Aliniita mama, akaniuliza kama tunahitaji usafiri. Nikasema hapana, asante mwanangu.

Hapa hakuna anayesoma isipokuwa mimi. Niandike basi, maana mwaka mmoja na miezi minne sijaiandika popote.

Favour alikuwa koplo, dereva wa lori. Alikufa Machi mwaka jana, msafara wao uliposhambuliwa huko nje walikopelekwa kulinda amani. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Jeneza lilikuja na bendera juu. Luteni mmoja kijana akaja hapa nyumbani, akavua kofia, akauliza swali moja tu: tumpeleke wapi? Jeshi lilikuwa tayari kumpeleka Rorya. Gari, wabebaji, tarumbeta, kila kitu. Kazi yetu ilikuwa kusema mahali.

Wanaume wakakaa sebuleni kwangu. Mimi sikuitwa. Nilikuwa jikoni, na dirisha la jikoni linasikia kila kitu. Okech akasema binti mtu mzima asiyeolewa hazikwi ndani ya boma. Nje ya ua, upande wa kushoto wa lango, kule ng'ombe wanakopita. Mtu mmoja akauliza: sasa askari waje na bendera na tarumbeta, tuwaonyeshe shimo nje ya ua? Ndipo Okech akasema, "Jeshi wana makaburi yao. Wamchukue."

Wakamgeukia Zadok. Baba mtu. Mimi kule jikoni nimeshika birika.

Akasema, "Sawa."

Neno moja. Mtoto aliyemfundisha mwenyewe kuendesha, pale kiwanjani, kwa pikapu ya kuazima.

Na mimi? Mimi niliingia na lile birika nikawamiminia chai. Wote. Nikaanza na Okech kwa sababu ndiye mkubwa.

Kisha kanisani nikawaambia watu kwamba jeshi liliomba kumzika kwa heshima zake. Kila mtu akasema, heshima kubwa, Mwalimu Adongo. Heshima kubwa. Nimeitikia uongo huo mpaka mdomo umeota sugu.

Jumatatu, 21 Julai 2025

Sina la kuandika. Zadok anapiga pasi koti lake jeusi, siku nne kabla.

Ijumaa, 25 Julai 2025

Siku ndefu. Niandike yote kabla haijapoa.

Tulifika saa mbili asubuhi. Makaburi yako nyuma ya kambi, juu kidogo, baina ya mawe makubwa, ziwa unaliona pembeni. Ukuta mweupe kuzunguka pande zote, lango la chuma, askari amesimama. Nilikuwa sijarudi tangu siku ile ya mazishi. Siku ile sikuona kitu zaidi ya shimo. Leo nimeona.

Mistari saba. Misalaba ya zege iliyopakwa chokaa, na upande wa Waislamu vibao vyao vimeelekea kibla. Kila kaburi lina namba, cheo, jina. Nyasi zimefyekwa kama kichwa cha kuruta. Wote wamelala kwa mstari, nafasi sawa, kana kwamba kuna mtu atakayekuja kuwakagua. Hata wakiwa wamekufa! Hilo lilinikera. Nikasema moyoni, wapumzisheni basi, waacheni mmoja alale upande.

Lakini nikapita mstari baada ya mstari nikisoma majina, kama nilivyokuwa nikisoma daftari la mahudhurio darasani. Majina ya Kisukuma, Kihaya, Kimakonde, ya Zanzibar, ya watu wa Kigoma. Sajenti kando ya koplo. Mwenye watoto sita kando ya asiye na mtoto. Mstari wa nne, wa tano kutoka kushoto – Favour. Kulia kwake kapteni. Hakuna mahali pameandikwa nani ameoa na nani hajaolewa. Hakuna aliyeulizwa. Wote ndani ya ua.

Hapo ndipo hasira ilinipanda hasa. Si kwa jeshi. Jeshi lilimtuma akafe, na bado limemfanyia nafasi. Sisi tuliomzaa tulikuwa na ekari tisa!

Ofisa akahutubia. Akasema vijana hawa walijitolea maisha yao, damu yao haikumwagika bure. Watu wakainamisha vichwa. Mimi sikuinamisha. Favour hakujitolea maisha. Alitaka kazi. Alikuwa na leseni daraja E, akachoka kuambiwa lori ni la wanaume, akaenda mahali walipompa funguo. Alipenda maandazi ya moto na alikuwa mvivu wa kuosha vyombo. Sema hivyo kwenye maikrofoni. Na kuhusu bure – nani kapima?

Niliketi karibu na mama mmoja mnene kutoka Magu. Mwanawe, Malimi, amezikwa mstari wa pili. Huja kila mwaka. Ana chupa ya maji, anamimina kidogo pale kwenye zege, anasema mwanawe alikuwa na kiu ya ajabu tangu utoto. Akaniuliza binti yangu ilikuwaje akalala hapa. Mdomo ukajiandaa kusema jeshi liliomba. Sijui nini kilinitokea. Nikamwambia ukweli. Kwamba kwetu walimkataa. Kwa sababu hakuolewa.

Hakushangaa wala hakunipa pole. Akaninyooshea chupa.

"Basi na wewe mwagia wako," akasema.

Nikaenda. Na kwenye kaburi la mwanangu nikamkuta Zadok amechuchumaa, ametandaza leso chini, anachota udongo kwa kijiko. Kijiko changu cha chai, kutoka kabati langu!

Hakunisikia. Nilimtazama anachota mara nne, tano. Anafunga fundo, anatia mfuko wa koti. Anasawazisha pale alipochimba kwa kiganja, polepole, kama anampapasa mtoto mgongo. Kisha akageuka.

Sikupiga kelele. Kulikuwa na askari, kulikuwa na mama wa Malimi. Nilimuuliza tu, "Wa nini?"

"Nimetumwa," akasema.

Mzee wa miaka sitini na saba. Ametumwa.

Nikamwacha pale pale, nikaenda langoni. Nilitaka nitoke, nipande chochote kinachopita. Ndipo sajenti mmoja mtu mzima akaja nyuma yangu. Shikamoo mama. Marahaba. Akasema anaitwa Kashindye, ni karani, ndiye aliyeshughulikia karatasi za akina Favour kabla hawajaondoka. Akasema mwaka mzima amekuwa akitaka kunipa pole yeye mwenyewe, lakini hakujua kama ni sawa.

Kumbe kila askari kabla ya kwenda huko hujaza fomu. Nani apewe taarifa. Dini gani. Na mahali pa kuzikwa.

"Wengi huandika kijiji chao," alisema. "Yeye aliandika kambini. Nikamuuliza, koplo, kwani huna kwenu? Akacheka. Akasema, sajenti, kwetu mimi sina pa kulala."

Nikamuuliza kwa nini sasa luteni alikuja kutuuliza. Akasema neno la mwisho huwa ni la familia. Luteni alitumaini tutasema nyumbani.

Luteni alitumaini.

Sikumbuki tulivyorudi.

Jumamosi, 26 Julai 2025

Tumegombana asubuhi nzima. Au nimegombana mimi, yeye alikuwa amekaa.

Nusu ya pili imetoka. Hakuna maombi. Wazee wanataka udongo wa kaburi, waufukie nje ya ua, upande wa kushoto, kule kule. Ili ionekane binti amerudi, na amewekwa anapostahili. Anapostahili! Basi atatulia, na Jasmin ataolewa. Nimemuuliza Zadok desturi hiyo imeandikwa wapi, maana mimi pia ni Mjaluo, nimezika mabibi wawili, sijawahi kuisikia. Akasema kaka ameonyeshwa na mganga mmoja huko mpakani. Huyo kaka ni mzee wa kanisa!

Nikamwambia kuhusu fomu. Nilitaka imchome. Nilimwambia neno kwa neno, kwetu mimi sina pa kulala, na nikasimama pale nimtazame.

Zadok alivua miwani. Akaifuta kwa shati muda mrefu. Kisha akasema, taratibu, kwamba yeye alijua. Si fomu. Alijua kwamba Favour anajua hatapokelewa bomani. Siku anaondoka, alimsindikiza mpaka lango la kambi, na Favour akamwambia, baba, likitokea la kutokea, usigombane na baba mkubwa kwa ajili yangu. Ndiyo maana siku ile alisema sawa.

Yaani mtoto alimruhusu awe mwoga. Na yeye akapokea ile ruhusa.

Nimemwambia alale sebuleni. Na udongo wake.

Jumapili, 27 Julai 2025

Sikwenda kanisani. Mara ya kwanza tangu niugue malaria mwaka ule.

Nimekumbuka jambo. Bora nisingelikumbuka. Msiba wa mama mkwe, Rorya, Desemba ya 2017. Bibi kazikwa kwa heshima, kulia kwa nyumba yake, simenti na vigae. Jioni tunachambua mchele, mimi na Favour. Akaniuliza, "Mama, na mimi nitalala wapi hapa?" Nikamwambia, "Olewa kwanza." Wanawake wakacheka. Na yeye akacheka.

Nilimjibu kama ninavyomjibu mtoto aliyeuliza swali la nje ya somo. Yeye alikuwa anauliza kweli. Alikuwa anampa mama yake nafasi ya kusema, utalala hapa, kando yangu, na atakayekataa atanikuta.

Basi si Okech peke yake, na si Zadok peke yake. Nimemchukia Okech mwaka mzima kwa sababu ni rahisi kumchukia. Ana kitambi na anaongea kwa pua.

Nakwenda Rorya. Zadok alidhani nitakataa. Udongo ule hauendi popote bila mimi.

Jumatatu, 28 Julai 2025

Tumefika alasiri. Basi lilijaa, Zadok dirishani, koti amelivaa kwenye joto lote lile, mkono juu ya mfuko. Tangu Igoma mpaka tunashuka hajautoa.

Boma limefagiliwa. Okech kanipokea vizuri. Shemeji karibu, shemeji pole na safari. Nimempa mkono. Wake zake wamepika samaki, nimekula. Nje ya ua, kushoto kwa lango, nimeona jembe limelazwa na alama ya fito nne chini. Pana kinyesi cha ng'ombe kibichi.

Jasmin hajatoka kunisalimia. Wanasema anaumwa kichwa.

Jumanne, 29 Julai 2025

Naandika nikiwa ndani ya nyumba yetu hapa bomani, mlango nimefunga kwa komeo. Saa nne na nusu asubuhi. Wako nje, nawasikia.

Ilikuwa hivi. Saa tatu wakatuita. Wazee sita, Okech mbele na Biblia – Biblia! – shimo limeshachimbwa, kina chake mkono mpaka kiwiko. Jasmin wamemsimamisha kando ya shimo, kajifunga khanga, macho chini. Okech akasali sala ndefu. Akamshukuru Mungu kwa kumrudisha binti yetu nyumbani. Nyumbani! Ng'ombe walikuwa wanapita nyuma yake wakati anasema hivyo, ikabidi asubiri.

Akamwambia Zadok atoe.

Zadok akatoa ile leso. Akaishika kwa mikono miwili. Na mimi nikanyoosha mkono. Sikuwa nimepanga. Sikusema kitu, nilinyoosha tu. Akaniangalia, akaangalia mkono, akanipa.

Ni mzito kuliko nilivyodhani. Vijiko vichache tu.

Nikawaambia, nikiwaangalia wote, kwa sauti niliyokuwa nikitumia mstarini shuleni: "Huu unaingia ndani ya ua, mbele ya mlango wangu. La sivyo kesho naurudisha jeshini. Huku nje haulali."

Okech akasema, shemeji, hayo si mambo ya wanawake. Nikamwambia aliyekufa ni mwanamke, aliyemzaa ni mwanamke, na anayezuiwa kuolewa ni mwanamke. Sijui wanaume wana jambo gani hapa isipokuwa kuchimba.

Nikapita langoni na udongo kifuani. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia mtu akisema mwalimu amechanganyikiwa. Pengine. Nimeingia, nimefunga.

Nilikuwa sijamaliza kukaa, mlango ukagongwa kidogo. Jasmin. Nikamfungulia, nikafunga tena. Amekaa sakafuni, ameegemea mlango kwa mgongo wake wote. Nikamwambia, mwanangu, nisamehe, pengine nimekuharibia. Akatikisa kichwa. Akasema yule mchumba wa pili, ni yeye Jasmin aliyemkataa, akaogopa kumwambia baba yake, akaacha wamsingizie marehemu. Alilia hapo. Alisema amemsingizia dada yake aliyemfundisha kuendesha pikipiki.

Kisha akaniuliza swali.

"Mama mdogo, na mimi nikifa kabla sijaolewa?"

Safari hii sikucheka na sikumjibu kwa mzaha. Nilimwambia sijui bado, lakini yuko mlangoni pangu na mlango hautafunguliwa kwa ajili ya shimo lile. Ndiyo yote niliyokuwa nayo. Akashika mguu wangu, akaendelea kuushika.

Sasa nje wanazozana. Okech anaongea kwa pua, anasema mwanamume hashindwi na mkewe. Anamwambia Zadok: wewe ndiye baba, nenda kamnyang'anye. Mzee mmoja anasema tumwache apoe. Mwingine anasema jua linapanda. Zadok simsikii. Kama kawaida, Zadok simsikii. Natamani nimsikie hata akinitukana.

Leso iko mapajani. Imevuja kidogo kwenye kona, kuna udongo mwekundu kwenye gauni langu na kwenye ukurasa huu.

Hatua zinakuja. Ni zake, anaburuta mguu wa kulia tangu aanguke bandarini. Anapita mbele ya nyumba ya kaka yake. Hajasimama. Okech anamwita, hajajibu.

Amefika. Yuko upande wa pili wa ubao, namsikia anavyohema. Jasmin amenyanyuka, ameshika komeo kwa mikono miwili.

"Mama Favour," anasema. "Fungua. Nimekuja na jembe."

La kuchimba wapi, hajasema. Jasmin ananitazama. Nimeweka leso kifuani, naacha kuandika nikamuulize.